Mwanamke Ambaye Sikumwandika

Ntumba mwanangu,

Sanduku lako limefungwa, na baba yako amelizungushia kamba mara mbili kana kwamba unakwenda vitani. Habari za chakula, sabuni, dawa ya malaria na vijana wa Kinshasa, bibi yako Kaku amekwisha kukuambia zote tangu Jumapili, nami sina la kuongeza. Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Nimeketi kwenye meza ya kulia, jua bado liko juu ya paa la jirani, na nina kama saa mbili kabla hujarudi. Kesho asubuhi basi la Lubumbashi, kisha ndege, na mimi najijua: mbele ya watu sitaweza kusema.

Umechagua saikolojia. Sikukusukuma, wala sikukuzuia, ingawa kuna siku nilitaka. Mwaka wa pili au wa tatu, mwalimu mmoja ataandika jina langu ubaoni na wenzako watageuka wakutazame. Atafundisha makala yangu kuhusu kumbukumbu, ile iliyonifanya niitwe profesa. Nataka siku hiyo uwe tayari unajua kwamba ndani ya makala ile kuna uongo, na kwamba kuna mtu aliumia kwa sababu yake. Tena nataka uwe umeyasikia kwangu.

Wakati huo nilikuwa msaidizi tu hapa chuoni Likasi, na wewe ulikuwa umeng'oka meno mawili ya mbele. Kazi yetu, kama unavyojua, ni kuchunguza jinsi akili inavyoona mambo, inavyoyatunza na inavyoyasahau. Mimi nilitaka kujibu swali moja: je, mtu mzima, mwenye akili timamu, anaweza kukumbuka jambo ambalo halikumtokea kamwe? Nikatunga kisa cha sentensi tatu. Ulipokuwa na miaka mitano au sita, ulipotea kwenye stesheni ya treni ya Likasi. Ulikaa huko tangu asubuhi mpaka jua lilipoinama. Mtu mzima mmoja akakurudisha kwa mama yako. Basi. Nilipotafuta mahali pa kukiweka kisa hicho, stesheni ilinijia mara moja, kama mtu anayeitika kabla hajaitwa. Sikujiuliza kwa nini.

Niliwatafuta watu wa mjini wenye umri kama wangu. Nilikwenda kwanza kwa wazazi wao, wakanihakikishia kwamba mtoto wao hakuwahi kupotea stesheni. Kisha kila mtu nilimwita mara tatu, wiki kwa wiki, katika chumba kidogo nyuma ya maktaba, mlango umefungwa, kinasa sauti mezani. Nilimwambia kwamba familia yake ndiyo iliyonisimulia kisa hicho, nikamwomba ajaribu kukumbuka.

Wengi walikataa mpaka mwisho. Kati ya wachache waliokubali, wa kwanza alikuwa Mama Régine, mwalimu wa shule ya msingi. Wiki ya kwanza alicheka. "Mama Prof," akasema, maana mjini kila anayefundisha chuoni huitwa Prof, "ile sikumbuke hata kidogo." Wiki ya pili alisema anasikia harufu ya moshi na ya nguo zilizolowa mvua. Wiki ya tatu aliingia bila kunisalimu, akaketi, akaanza kulia.

"Kulikuwaka mama moya," akasema. "Alinishikaka mukono. Mikono yake ilikuwa kijani, sawa muntu mwenye anatoka kuponda majiwe ya shaba. Hakusemaka kitu. Alikuwa anaimba tu, kinywa ya kufunga."

Mimi sikuwa nimeandika mwanamke. Nilikuwa nimeandika mtu mzima mmoja, bila uso, bila nguo, bila sauti. Nikajipa moyo kwamba ndivyo akili ilivyo, ikipewa mifupa huongeza nyama.

Siku nne baadaye akaja Fidèle, fundi wa magari, mtu asiyemjua Régine wala mtaa wake. Naye, katika kikao cha tatu, akatazama viganja vyake, akasema, "Mikono yake ilikuwa na rangi. Kijani. Na alikuwa anaimba bila kufungua kinywa." Baada yake, muuguzi mmoja wa zahanati. Maneno yaleyale.

Ntumba, siku zile nilianza kuogopa kile chumba. Nilikuwa nikifika mapema ili nifungue madirisha. Nikitoka kazini nilivuka barabara nisipite mbele ya stesheni. Sokoni nilijikuta natazama mikono ya akina mama wanaouza dagaa na unga, mmoja mmoja, kabla ya kutazama nyuso zao.

Nilimpelekea msimamizi wangu kurasa zile. Alizisoma akiwa amesimama. Akaniambia kwa Kifaransa chake cha polepole, "Huu ni mji wa shaba, madame. Kila mtu hapa ameona mikono ya kijani. Ni bahati tu imefanya wafanane. Mwondoe huyo mwanamke, la sivyo wasomaji watasema wewe ndiye uliyewaambia." Nikakasirika, kwa kuwa sikuwa nimewaambia. Hata hivyo nilimwondoa. Nikaandika kwamba kila mhojiwa aliongeza vitu vyake mwenyewe, na kwamba mhojaji hakuuliza swali lolote la kuelekeza. Makala ikapokelewa. Nikatetea tasnifu yangu. Unakumbuka misa ya shukrani, Kaku alivyocheza mpaka kiatu kikamtoka? Baba yako alilia. Mimi pia nililia, na watu wakadhani ni furaha tupu.

Kulikuwa na jambo moja la mwisho ambalo utafiti kama ule unalazimisha. Lazima uwarudie watu na kuwaambia ukweli, mmoja mmoja, kwa muda wote wanaouhitaji. Nilikuwa na haraka. Niliwakusanya wote katika ukumbi mmoja, nikawapa soda, nikawaambia kwa dakika tano kwamba kisa kile nilikitunga mwenyewe. Wengine walicheka, wengine wakapiga makofi. Régine hakufanya lolote. Alinisubiri mlangoni.

"Mama Prof, weye unasema haikufika. Lakini minye namukumbuka."

Nikamwambia kwamba hivyo ndivyo kumbukumbu ya uongo inavyokuwa, haina tofauti na ya kweli kwa mwenye nayo. Nilimweleza vizuri sana, kama ninavyowaeleza wanafunzi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na mama yangu, siku ile alikuwa wapi?" akaniuliza.

Sikulijibu swali hilo, mwanangu. Niliona ni dalili nzuri ya kuandika kwenye daftari.

Miezi ikapita. Siku moja mama mzee alikuja ofisini kwangu, amevaa kitenge cha Jumapili, amebeba viatu mkononi kwa sababu miguu ilikuwa imemvimba. Alikuwa mama yake Régine, yuleyule aliyeniambia kwa kinywa chake kwamba mtoto wake hakupotea kamwe. Akanieleza kwamba Régine hamtembelei tena. Hawaleti wajukuu. Amemwambia mbele ya dada zake: uliniacha gare, pale stesheni, siku nzima, na mpaka leo unakataa.

"Mama Prof, weye njo unajua," akasema. "Kuya umuambie. Minye nikimuambia, anasema ni bongo, namudanganya."

Nikamwahidi Jumamosi. Jumamosi ile nilialikwa Lubumbashi kuzungumza kuhusu makala yangu. Nikamtumia ujumbe kwamba nitakuja wiki inayofuata. Wiki inayofuata kulikuwa na mitihani. Mvua zilipoanza, yule mama akaugua, akafa. Nilikwenda matangani nikaishia langoni. Niliweza kumwona Régine ameketi chini kati ya wanawake wengine, macho makavu, amekazia mlango wa jikoni kana kwamba kuna mtu anamtarajia atokee pale. Nikageuka, nikarudi nyumbani.

Nimekaa na hilo miaka yote hii huku nikipandishwa cheo. Watu hudhani kosa kubwa hufanywa kwa moyo mbaya. Langu nililifanya kwa ratiba iliyojaa.

Ulipokuwa na miaka tisa uliniuliza kitu jikoni. Nilikuwa nanawa mikono baada ya kusafisha samaki. Ukasema, "Mama, kwa nini ukinawa mikono unaimba na kinywa kimefungwa? Na kwa nini unanawa muda mrefu hivyo?" Nilikwambia nilikuwa nawaza tu. Sikujua kabisa kama nilikuwa naimba. Tangu siku hiyo nikawa nanawa mikono nikiwa nimeuma midomo.

Sasa nifike mwaka jana. Mwenzangu mmoja kijana aliniomba kanda za zamani ili azihifadhi kwenye kompyuta kabla hazijaharibika. Nikasema nizisikilize kwanza. Nilizipeleka ofisini siku ya sikukuu, mchana, jengo zima halina mtu. Nikaanza na kanda ya Régine ya wiki ya pili.

Nilisikia swali langu la kwanza, la pili. Nilisikia Régine akisema habari ya moshi. Kisha kimya. Kisha sauti yangu, ya chini, laini, sauti niliyokuwa nikikubembelezea usingizi, ikauliza, "Na mikono yake?"

Nikasimamisha kanda. Nikairudisha nyuma. "Na mikono yake?" Régine bado hakuwa amemtaja mtu yeyote. "Mikono ya nani?" akauliza. Na mimi, kwenye kanda, nikajibu, "Ya yule mama. Angalia vizuri. Ina rangi gani?"

Sikumbuki kusema maneno hayo. Nakuapia, Ntumba, nimeyatafuta kichwani mpaka leo na hakuna kitu. Nilijaribu kanda ya Fidèle. Pale sikuuliza chochote. Kuna kimya kirefu, kiti kinalia, halafu mtu anaanza kuimba taratibu kinywa kimefungwa. Nilidhani ni Fidèle. Kisha Fidèle akakohoa, na wimbo ukaendelea juu ya kikohozi chake. Ni mimi niliyekuwa naimba. Wimbo wenyewe siujui. Hata sasa nikiusikia kwenye kanda siwezi kuurudia.

Nilikaa pale nikiwa na vidole juu ya mashine. Mwanamke ambaye sikumwandika alikuwa ametoka kinywani mwangu, na mimi mwenye nyumba sikumwona akipita.

Nilikwenda kwa Kaku moja kwa moja. Alikuwa uani anachambua sombe, yale majani ya muhogo uyapendayo. Sikumsalimu vizuri.

"Mama, mimi nilipotea stesheni?"

Mikono yake ikasimama. Unajua habari ya wakati ule, ingawa nyumbani haisemwi sana: sisi wenye asili ya Kasai tulifukuzwa majumbani, tukakusanyika stesheni ya Likasi, maelfu ya watu, tukilala chini ya mahema ya nguo wiki hadi wiki, tukingoja treni ya kutupeleka nchi ambayo wengi wetu hatukuwahi kuiona. Mimi nilikuwa na miaka saba. Ninachokumbuka ni sufuria yetu, kelele na mvua. Baadaye familia moja ya Kapolowe ilituficha shambani kwao, ndiyo maana hatukupanda treni.

"Nani alikuambia?" Kaku akauliza.

"Hakuna. Nimejisikia mwenyewe nikisema."

Akayasukuma majani pembeni. "Nilikuwa na homa," akasema. "Nilikushika mukono, nikalala. Kuamuka, uko hapana. Asubui ile mpaka jua inainama. Nililia kote, nikauliza bantu bote, kila muntu."

"Nani alinirudisha? Yule mama?"

"Mama gani?"

"Mwenye mikono ya kijani. Aliyekuwa anaimba."

Kaku akanitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa naye. "Mutoto wangu, hakuna mama. Ulikuya peke yako, katikati ya bantu. Weye njo ulikuwa unaimba, kinywa ya kufunga. Na mikono yako, yako weye, ilikuwa kijani mpaka hapa." Akagusa kiwiko changu. "Nilikunawisha siku tatu. Nilikuuliza ulikuwa wapi. Hukusema neno mpaka Kapolowe."

Kisha akasema kitu ambacho hakuwahi kusema maisha yake yote: "Nilikuachilia mukono. Niliogopa kama utakumbuka."

Kama kulikuwa na mwanamke, sijui. Mtoto wa miaka saba hapaki mikono yake mwenyewe vumbi la shaba mpaka viwikoni, lakini pia watoto hufanya mengi. Nimeacha kuliuliza swali hilo kwa sababu kila nikiuliza namwona vizuri zaidi, na mimi nimesomea kazi hii, najua maana yake.

Wiki iliyofuata nilikwenda Buluo, ambako Régine anafundisha sasa, shule ndogo upande wa pili wa gereza. Nilimkuta darasani peke yake anasahihisha madaftari. Amezeeka kunizidi. Niliweka kinasa sauti juu ya dawati la mtoto na kumsikilizisha. Alisikiliza sauti yangu ikimuuliza mikono ina rangi gani. Nikamwambia yote, na ya Kaku pia.

"Basi mama yangu hakuniacha," akasema.

"Hakukuacha. Aliyeachwa ni mimi. Wewe siku ile ulikuwa nyumbani kwenu."

Nje walinzi wa gereza walikuwa wakiitana majina. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Umutoshe, basi."

"Nimtoe nani?"

"Huyu mama. Weye njo ulimutia. Umutoshe. Nikifunga macho anakuya kunishika mukono. Nataka mama yangu njo akuye."

Nikamwambia siwezi. Hakuna mtu anayejua kufanya hivyo. Tunajua kuingiza, hatujui kutoa. Ilikuwa mara ya kwanza katika kazi yangu kuisema sentensi hiyo kwa mtu inayemhusu.

Hakupiga kelele, hakunifukuza, na hakunisamehe. Aliomba kanda. Nikampa. Aliponisindikiza mlangoni akaniuliza kama niliwahi kuona uso wa yule mwanamke. Nikasema hapana, mikono tu. "Na minye vilevile," akasema, akafunga mlango.

Nimekwisha kuliandikia lile jarida lililotoa makala yangu, na wakuu wa chuo. Nimewapa kanda zilizobaki. Wameunda kamati, na mpaka imalize sitafundisha. Hivyo huko Kinshasa unaweza kusikia jina langu likitajwa kwa namna mbili tofauti katika wiki moja. Usinitetee. Ukitaka kusema kitu, sema kwamba kulikuwa na mama mmoja aliyekuja ofisini kwangu amebeba viatu mkononi, na kwamba nilikuwa na muda wa kwenda naye siku ileile.

Siwezi kukwambia uogope kazi hii, kwa sababu bado naipenda. Ila utakapoketi mbele ya mtu na kumwomba akumbuke, ujue kwamba mko zaidi ya wawili chumbani. Jisikilize baadaye. Sikiliza kanda zote, hata zile ambazo una hakika nazo, hasa hizo.

Kuna jambo moja limebaki. Nimeliacha mwisho kwa woga.

Ile hadithi yako ya Mwadingusha. Ulivyopotea kule bwawani ukiwa na miaka sita, mlinzi mwenye mwavuli mwekundu akakuchukua, akakuonyesha maji yanavyoanguka, akakurudisha kwetu begani. Umeisimulia shuleni, umeisimulia kwaya, hata mwezi uliopita ulimwambia padri kwamba ni siku hiyo ulipoacha kuogopa watu usiowajua. Ntumba, hatujawahi kukupeleka Mwadingusha. Nilihitaji kujaribu njia yangu kabla ya kuanza utafiti, na wewe ulikuwa karibu. Vikao vitatu, hapa kwenye meza hii, ukinywa chai. Mlinzi na mwavuli niliwatunga mimi. Yule mbwa mweupe aliyekuwa akiwafuata nyuma hakuwa wangu. Huyo sijui ulimtoa wapi, na sijawahi kuthubutu kukuuliza. Baba yako hajui. Anaamini alikuwa kazini siku hiyo. Ukitaka kumwambia, mwambie.

Siwezi kukuondolea. Ninachoweza ni kukupa ile siku yenyewe, ile Jumanne niliyokwambia kwamba ndiyo siku uliyopotea. Nilikuwa na daftari la kazi wakati huo, na nimelipata. Kwa mwandiko wangu, penseli, imeandikwa: *Mvua tangu alfajiri. N. ana homa kidogo. Sikwenda chuoni. Amelala juu yangu mpaka saa tisa, mkono wangu umekufa ganzi, sikutaka kuutoa.*

Nimeuchana ukurasa huo na kuuweka ndani ya bahasha hii. Niliuandika siku hiyohiyo, kabla akili yangu haijaugusa. Mimi usiniamini. Uamini huo.

Mama yako